Orodha ya Alhamisi

Mimi ndiye niliyekuwa nasoma orodha. Nalisema mapema msije mkahangaika kumtafuta wa kumlaumu, maana watu wa Kwelulu kwa kutafuta wa kumlaumu hawajambo.

Kila Alhamisi saa kumi jioni, baada ya taarifa ya maji na ya ng'ombe waliopotea, nilikuwa nasimama mbele ya ukumbi wa shule ya msingi, navaa miwani, nafungua daftari. "Povula, sabuni," nasoma. Ukumbi mzima unajibu, "Hatuitaki!" "Chanjani, majani ya chai." "Hatuyataki!" "Tulizana, vidonge vya kichwa." "Hatuvitaki!" Majina arobaini na mawili, hadi la mwisho. Miaka kumi na moja sikukosa Alhamisi hata moja, isipokuwa ile niliyong'olewa jino. Na sauti ninayo, sijisifu. Mwenyekiti wetu, Mzee Kaniki, alizoea kusema kuwa nikisoma mimi hata mbuzi huko nje wanaacha kutafuna.

Bila orodha utajuaje cha kukwepa? Ndivyo tulivyosema. Ndugu anakuja kutoka mjini na kifurushi, mtoto anaokota karatasi barabarani, sasa watu wasipoyajua majina watayakimbiaje? Duka letu la ushirika lilikuwa na magunia na madebe tu. Sabuni ilikuwa sabuni, chai ilikuwa chai, basi. Na pale njia panda, juu ya nguzo za umeme, kulikuwa na vinywa sita vya matangazo, vidogo, vyeusi, vimezibwa kwa lakiri ya serikali. Wilaya nzima vinywa vilikuwa wazi, vinawasemesha watu masikioni mchana kutwa. Kwetu vilikuwa vimezibwa, kwa sababu tulikuwa na Hati ya Utulivu, na tulikuwa nayo kwa sababu kila miaka mitatu tulikaguliwa tukaonekana watu tusioguswa na matangazo.

Alhamisi hiyo ninayoisema, nilipofika jina la ishirini hivi, nikamwona msichana mgeni amekaa kiti cha nyuma, raba zake zimejaa matope. Hakujibu "Hatuitaki." Alikuwa ameshika mdomo kama mtu anayeangalia mtoto anachezea wembe. Nikaendelea kusoma, lakini nikakasirika.

Watu walipotawanyika akanifuata mezani. Nilikuwa nazima kinasa sauti. Hilo lilikuwa sharti la Hati, kila mkutano urekodiwe, nakala iende wilayani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni nani, na mbona umenuna kwenye mkutano wa watu?"

"Naitwa Nyamizi Lufega. Ni mkaguzi wa Hati."

"Ala! Ukaguzi si Jumatatu?"

"Napenda kuiona kata kabla haijajipanga." Akaligusa daftari langu kwa kidole. "Hii orodha, ni nani aliwaambia muisome?"

"Hakuna. Tuliibuni wenyewe. Kata gani nyingine ina orodha kama hii?"

"Hakuna nyingine," akasema, na hakulisema kwa kusifu.

Akatoa mkobani bangili ya mpira yenye kioo kidogo, na ndani ya kioo mshale. Sikuwahi kuiona; wakaguzi waliomtangulia walikuwa wakituuliza tu kwa mdomo. Akanivalisha. Akaniambia nitulie tu, nisifanye chochote, yeye atataja maneno. Akasema, "Kiti." Mshale ukalala. Akasema, "Ndoo." Mshale ukalala. Akasema, "Povula."

Mshale ukaruka.

"Mimi sijaigusa hiyo sabuni miaka kumi na moja!"

"Najua, mama."

"Siitaki! Siipendi hata kuisikia!"

Ukaruka tena, safari hii mbali zaidi.

Nyamizi akavuta kiti akakaa. Alinieleza taratibu, na nilimchukia kwa kunieleza taratibu. Bangili haijali unapenda au unachukia. Inasoma misuli ya mkono, ule mshtuko mdogo unaotangulia kabla wewe mwenyewe hujaamua. Anayekipenda kitu, mkono unakiendea. Anayekikataa, mkono unarudi nyuma. Asiyekijua kabisa, mkono unalala. Serikali inahesabu kuguswa kote kuwili, kwa sababu makampuni yalishapima zamani yakaona kwamba mtu aliyekataa jina kwa miaka, siku akiumwa, siku akichoka, siku akisimama dukani mahali pageni, jina linalomjia la kwanza ni lile lile.

"Siku hiyo wanalinunua," alisema. "Na hawajui kwa nini."

"Na ukumbi mzima huu?"

"Mama, mimi nilikuwa nawatazama mikono, wala sikuwa nawasikiliza." Akaivua bangili mkononi mwangu. "Tunachagua thelathini kwa kura. Wakiguswa kumi, mnapita. Wakiguswa kumi na mmoja, lakiri zinatolewa tarehe mosi. Hata kukuambia haya nimekosea. Nimeshindwa tu kunyamaza."

* * *

Sasa lazima niseme habari za mume wangu, maana vinginevyo mtaniona mwanamke mwizi tu.

Baba Mwanaidi ni fundi cherehani. Jina lake Singano, na watu wameshamtania kwa hilo mpaka wamechoka. Tulikuwa tunakaa mjini, na tulikuwa na binti mmoja. Mwanaidi alikuwa na miaka kumi na tisa homa ilipomchukua, siku tatu tu, akaenda. Tukasoma arobaini. Wiki iliyofuata kinywa cha mtaani kwetu kikaanza kumsemesha baba yake.

"Baba, nimeishiwa sabuni. Niletee Povula."

Sauti ya mwanangu! Wenye vinywa waliichota kwenye jumbe za sauti alizotuma kwa simu akiwa hai. Kinywa kinarusha sauti kwenye sikio moja, aliye karibu hasikii kitu. Kilimchagua baba yake. Akanunua mche mmoja, akarudi pale chini ya nguzo kumwambia mtoto kuwa ameshanunua. Akanunua mwingine. Ilifika mahali chumba cha Mwanaidi kimejaa sabuni mpaka dirishani, na mume wangu hashoni, hali, anasimama juani tangu asubuhi. Nikimshika mkono aje ndani ananiambia, "Ngoja kwanza, mtoto anaongea."

Ndipo nikamleta Kwelulu. Mwaka wa kwanza alikuwa anatazama tu ukuta. Wa pili akaweka uzi kwenye sindano. Sasa anashona sare za shule nzima, anakula, anabishana na mimi kuhusu chumvi. Daktari alishatuonya kuwa akirudishwa chini ya kinywa, safari hii hatainuka.

Alhamisi ile nilipofika nyumbani nilimkuta barazani anashona kaptura. "Leo umesoma vizuri," akaniambia bila kuinua kichwa. "Lile la Chanjani umelivuta kweli."

Niliingia jikoni nikashika ukuta.

Na niwaambie jingine, la aibu. Wakati ule mjini, nilimwonea wivu. Mimi ndiye niliyembeba yule mtoto tumboni, na kinywa hakikunisemesha hata neno moja. Nilikwenda mara mbili, peke yangu, nikasimama chini ya nguzo nikatega sikio. Nikaambiwa habari za mafuta ya kupikia, na sauti ya mwanamume nisiyemjua. Kwa hiyo siku ile jikoni niliogopa pia nafsi yangu. Je, sehemu fulani yangu haikutaka lakiri zitolewe?

Nje, Kibibi, mtoto wa jirani, alikuwa anacheza na kopo. Ana miaka miwili. Hata babu yake bado hajui kumwita, anasema tu "wewe." Akaliinua kopo, akalitazama, akasema waziwazi, "Povula, tabuni. Atuitaki." Mama yake akamsifu kwa makofi.

Ijumaa na Jumamosi sikulala vizuri wala sikula vizuri. Ningeitisha mkutano niwaambie watu ukweli, wangesema nini? Siku tatu hazifuti miaka kumi na moja. Nikiwaambia wasilifikirie jina, ndiyo nimewasomea tena. Kila njia niliyoishika ilinirudisha kwenye mdomo wangu mwenyewe.

Ndipo nikalikumbuka daftari la mahudhurio.

Mimi ndiye katibu. Majina ya kura hutoka kwangu, nayakata vipande, nayatia chunguni, mkaguzi anachomoa thelathini. Na kwenye daftari la mahudhurio nilikuwa na wale watu wangu, wale wasiokanyaga ukumbini, niliowasema na kuwanunia miaka nenda miaka rudi. Mzee Mahimbo anayelala mchana. Bi Shelukindo, mkwe wa mwenyekiti. Wale ndugu wachoma mkaa wa kule juu. Mafundi, wavivu, wakaidi. Niliwahesabu wakafika thelathini na wanne. Mikono yao itakuwa imelala kama ya maiti.

Nikayakata majina yao peke yao. Nilijua ninachofanya. Nilijua kuwa tukipita, Alhamisi inayofuata nitatakiwa kusimama tena nisome, na Kibibi atakuwa amekaa mstari wa mbele. Nikatazama barazani, nikaiona shingo ya mume wangu imeinama juu ya cherehani, nikaendelea kukata.

* * *

Jumatatu ukumbi ulifurika. Nyamizi alipanga mezani maboksi sita yasiyo na rangi, kila moja limeandikwa jina la sabuni, matatu ya kweli, matatu ya kubuni. Mtu anakuja, anavaa bangili, anaambiwa achukue moja akaogee nyumbani. Rahisi hivyo.

Akachomoa vipande thelathini, akaita majina.

Kumi na wanane wakaja.

Kumi na wawili hawakuja.

Lo! Nimechagua watu kwa sababu hawaji mikutanoni, halafu nimekaa nawasubiri mkutanoni! Mzee Mahimbo aliitwa mara tatu. Mjukuu wake akajibu kwamba babu amelala, na amesema asiamshwe.

"Tuanze na waliopo," Nyamizi akasema. Alinitazama mara moja tu, akageuza macho.

Wale kumi na wanane walikwenda vizuri, Mungu awape heri. Wachoma mkaa walichukua boksi la karibu bila hata kusoma. Mmoja tu aliguswa, Bi Shelukindo, kumbe nyumba yake iko nyuma ya ukumbi na dirisha lake halifungi. Mmoja kati ya kumi na wanane. Nikaanza kupumua.

"Sheria inasema nafasi za wasiofika zijazwe na waliohudhuria," Nyamizi akatangaza. "Wanaojitolea."

Mikono ikainuka ukumbi mzima. Wale watu wangu wa Alhamisi! Wale wa mstari wa mbele, waliojibu hadi mishipa ikawasimama shingoni! "Mimi, mkaguzi, nichague mimi, mimi siitaki kabisa!" Mzee Kaniki alikuwa wa kwanza. Alilikaribia boksi la Povula kwa dharau, akalipita kichwa juu, akachukua jingine. Mshale ulikuwa umeshagonga ukingo wa kioo kabla hajafika.

"Ameguswa," Nyamizi akasema.

"Ameguswa nani? Si nimeikataa mbele ya macho yenu?"

"Mzee, kaa tafadhali. Anayefuata."

Wakaja mmoja mmoja na kiburi chao, wakarudi mmoja mmoja wanagombana na bangili. Nilikuwa naandika hesabu. Wanne. Sita. Tisa. Wa kumi na moja kati ya wale waliojitolea alipokaa, walioguswa walikuwa kumi kamili. Imebaki nafasi moja. Akilala mkono huyo mmoja, tumepita.

Nikatazama ukumbini natafuta mtu yeyote, mgeni, kiziwi, mlevi. Na kwenye mlango nikamwona Baba Mwanaidi amesimama, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Niacheni mimi nimalizie," akasema. "Nani hapa ameipiga vita hii sabuni kuliko mimi?"

Watu wakapiga makofi. Wengi walijua habari za kile chumba.

"Baba Mwanaidi, kaa chini," nikasema.

"Mbona unaniaibisha mbele za watu, mke wangu?"

"Nakuomba. Kaa."

Akacheka kidogo, akanipita, akanyoosha mkono kwa mkaguzi. Nyamizi alichelewa kumfunga ile bangili. Nadhani naye aliomba kimoyomoyo.

Mume wangu akasimama mbele ya maboksi. Wenzake wote walioguswa mkono ulirudi nyuma. Wake haukurudi. Ulikwenda. Polepole, bila hasira, ukaenda moja kwa moja kwenye Povula ukalishika boksi lile, na alipoona alichoshika akashangaa kuliko sisi.

Nyamizi akalamba midomo yake. "Kwa ambaye mkono wake umeliendea jina, sheria inanitaka niulize. Ulipolishika, kuna sauti uliyoisikia kichwani?"

"Ndiyo."

"Ya nani, mzee?"

Nilifumba macho. Nilijua jina atakalolitaja na nilijitayarisha.

"Ya huyu hapa," akasema Baba Mwanaidi, na nilipofumbua nikaona ananionyesha mimi, anaona haya kama bwana harusi. "Mama Mwanaidi. Ya mtoto ilishanipotea, mkaguzi. Tulipokaa hapa mwaka wa tatu nikaitafuta kichwani nikaikosa, nikalia siku nzima. Nikabaki na hii ya Alhamisi. Nikiisikia, wiki nzima nakaa sawa. Basi nimeona lile neno hapo, nikamsikia yeye analisema. Mkono ukaenda."

Niliketi. Sikumbuki kukaa, nakumbuka kiti tu.

Nyamizi alikuja kukusanya karatasi za hesabu. Hakuuliza habari za chungu cha kura, ingawa alijua, naamini alijua. Aliinama karibu yangu.

"Mama, zile rekodi za mikutano. Zote ziko wilayani?"

"Zote. Miaka kumi na moja. Ni sharti lenu."

"Ni kumbukumbu za umma," akasema, na macho yake yakajaa. "Kinywa hakijui nani ni mpendwa wa nani. Kinajaribu kila sauti inayopatikana, kinabaki na ile inayoushtua mkono."

Nyuma yetu Mzee Kaniki alikuwa ameshapanda jukwaani anadai mkutano wa dharura. Alitaka jina la kampuni ya vinywa liongezwe kwenye orodha, liwe la arobaini na tatu, lisomwe mara mbili. Watu wakaitikia. Wakaniita nije na daftari.

"Sisomi tena," nikasema.

"Khaa! Bi Katibu, sasa ndipo tunapokuhitaji!"

"Nimesema sisomi. Na nyinyi nendeni nyumbani mkafue kwa kitu chochote, mniache." Nikatoka.

* * *

Tulikuwa na siku kumi na tisa. Nilimwambia Baba Mwanaidi tuhame. Akaniuliza tuhamie wapi, na sikuwa na pa kumtajia. Kata tulivu nyingine ilikuwa ng'ambo ya mkoa, na orodha ya wanaosubiri kuingia ilikuwa ya miaka. Nilimshonea kofia nzito ya kuziba masikio. Akaivaa ili kuniridhisha, lakini ilikuwa inamwasha, na mwenyewe alikuwa ameshatulia kuliko mimi.

"Sauti ya mtoto nilishaizika mwenyewe," aliniambia. "Wakinirushia, nitajua ni uongo. Usihangaike."

Nikajifunza kunyamaza. Nilifikiri nisipoongea watasahau kuwa nipo. Nikawa namwita kwa kugonga sahani. Alichukia. Siku ya tatu akaniuliza amenikosea nini, nikalia, nikaanza kuongea tena, kwa sababu mwanamke aliyeolewa miaka thelathini na ushei atanyamaza mpaka lini?

Tarehe mosi, saa tatu asubuhi, mafundi walikuja na ngazi. Walikuwa vijana wenye adabu, walitusalimu wote. Walikata lakiri sita kwa mkasi, wakafunga mkoba, wakaondoka. Watu walisimama njia panda wanatazama juu, na kwa dakika nyingi hakukuwa na kitu. Kisha nikaona mmoja anageuza shingo, na mwingine, na Mzee Kaniki anaangalia begani mwake kama kuna mtu amemgusa.

Mimi nilitega sikio. Ndiyo, nilitega, sitawadanganya. Nikasubiri mwanangu aseme neno. Nikaambiwa habari za mafuta ya kupikia.

Nikarudi nyumbani kupika. Niliweka ugali na mchicha, nikapunguza chumvi kama anavyotaka siku zote. Alikuwa barazani kwenye cherehani, kofia ameiweka pembeni juu ya vitambaa. Mguu wake ulikuwa haukanyagi. Alikuwa ameinua uso kuelekea nguzo ya njia panda na anatabasamu.

"Baba Mwanaidi," nikamwita kutoka mlangoni. "Chakula tayari."

Akatikisa kichwa kukubali, lakini hakugeuka. Aliitikia kule kwenye nguzo.

"Baba Mwanaidi! Njoo ule, chakula kinapoa."

Nikaenda hadi aliposimamisha cherehani, nikamshika mkono. Ulikuwa na joto, ulikuwa mkono wake ule ule. Aliutoa kwangu taratibu, kwa upole, kama unavyomtoa mgeni asiyejua adabu za nyumba.

"Ngoja kwanza," akaniambia. "Mke wangu anaongea."